Masaa ya kulala sio kipimo: tembo, pomboo na maswali mawili tunayoyachanganya

Kuna zile orodha zinazozunguka sana mtandaoni, popo mdogo analala masaa 20, oposumu 18, farasi 3, tembo 2, halafu chini yake watu wanaanza kubishana nani mvivu nani mchapakazi, na mwisho lazima atokee mmoja aseme kama tembo na mwili wote ule anaishi kwa masaa mawili basi sisi nane za nini. Orodha zile mimi nazipenda, ila naona zinachanganya maswali mawili ambayo kila moja lina jibu lake. La kwanza, kwa nini mnyama fulani analala muda ule na sio mwingine. La pili, kwa nini analala kabisa, yaani imekuwaje mamalia walioishi kwenye kila aina ya mazingira, mtoni, baharini, juu ya miti, chini ya ardhi, kila tulipowapima vizuri tumewakuta na usingizi. Ukiyajibu yote kwa mpigo mmoja unapotea, na wengi wanapotea hapo hapo.

Tuanze na namba zenyewe maana nazo zina shida. Nyingi zimetoka kwenye mabanda ya maabara na bustani za wanyama. Mfano mzuri ni slothi, yule mnyama wa Amerika anayetembea taratibu kwenye matawi mpaka jina lake limekuwa sawa na uvivu. Aliyefungiwa alipimwa akaonekana analala karibu masaa 16 kwa siku, na namba hiyo ikakaa kwenye vitabu miaka na miaka. Mwaka 2008 Niels Rattenborg na wenzake wakaenda kuwapima msituni kule Panama, wakawavalisha kifaa kidogo kichwani kinachorekodi umeme wa ubongo, wakakuta ni masaa 9.6. Tofauti ya masaa sita na zaidi! Ukimlisha mnyama, ukamwondolea adui, ukamfungia sehemu ambayo hana la kufanya, atalala, ndivyo wanyama walivyo, kwa hiyo unachopima pale ni usingizi pamoja na muda uliobaki bila kazi.

Tembo naye ni hivyo hivyo. Wa kwenye bustani walikuwa wanahesabiwa masaa kama 4 mpaka 6. Halafu mwaka 2017 kikatoka kile chapisho cha Paul Manger, Nadine Gravett na wenzao, waliofuatilia majike wawili, viongozi wa makundi yao, kule Chobe nchini Botswana kwa siku 35. Njia yao naipenda kwa sababu ni rahisi na inaonyesha walimjua mnyama wao: kifaa cha kupima mtikisiko walikiweka ndani ya mkonga. Mkonga wa tembo aliye macho hautulii, unachuma, unanusa, unagusa, unarusha vumbi, kwa hiyo wakaweka kanuni kwamba ukikaa kimya dakika 5 au zaidi basi huyu kalala. Wastani ukaja masaa 2 kwa siku, tena kwa vipande vipande, mara nyingi usiku wa manane kuelekea alfajiri, na mara nyingi wakiwa wamesimama. Kulala chini kabisa ilikuwa ni kila baada ya siku tatu nne hivi, kwa muda kama wa saa moja. Na kuna siku hawakulala kabisa, walikwenda mpaka masaa 46 bila hata lepe la usingizi, wakitembea umbali mrefu, karibu kilometa 30 ndani ya masaa 10, watafiti wakahisi huenda kuna kitu kimewashtua, labda simba, majangili au dume lililopandwa na nyege. Siku iliyofuata hawakufidia kwa kulala zaidi.

Sasa swali la kwanza linajibika bila tabu kubwa. Tembo anakula majani, magome na nyasi, chakula chenye lishe ndogo kwa kila kilo, na tumbo lake ni kubwa, kwa hiyo muda wake mwingi unaishia kwenye kutafuna. Simba anakula nyama, akishiba leo ana nishati ya siku kadhaa na hakuna wa kumsumbua, kwa nini asilale? Popo mdogo wa kahawia wa Amerika Kaskazini anawinda wadudu wanaoruka jioni kwa masaa machache tu, akitoka nje ya muda huo anachoma nishati bure na kujiweka kwenye macho ya ndege wanaoweza kumla, kwa hiyo kutulia ndio kazi yake yenye faida kuliko zote. Truett Allison na Domenic Cicchetti walishaliona hili mwaka 1976 walipolinganisha aina 39 za mamalia: mnyama anayeishi kwenye hatari ya kuliwa, anayelala sehemu ya wazi, ana usingizi kidogo hasa ule wa ndoto, na wenye miili mikubwa wana kidogo ule mwingine mzito, ambao umeme wa ubongo unakwenda kwa mawimbi ya polepole. Tafiti za baadae zimebishana sana kuhusu vipengele vya hesabu ile, lakini picha kubwa imebaki: muda wa kulala unapangwa na tumbo, adui na mahali pa kujificha.

Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, amelibeba wazo hili mbali kuliko yeyote. Anasema usingizi uangaliwe kama namna ya kutulia kwa faida, mnyama anazimwa ule muda ambao kuwa macho kungemgharimu kuliko kumpa. Na kwa swali la kwanza nakubaliana naye karibu asilimia mia. Hatari ya maelezo haya ni kwamba yanaridhisha mno, ukishayaelewa unadhani umemaliza, wakati yanaacha kitu kikubwa nje. Kama lengo ni kutulia tu na kuokoa nishati, si angetulia akiwa macho? Mnyama anayejikunyata kimya huku masikio yako kazini anaokoa karibu kiasi kile kile cha nishati na bado anamsikia adui akija. Usingizi unaongeza juu ya kutulia kitu cha hatari kabisa, yaani kukata mawasiliano na dunia. Hiyo gharama inalipiwa nini?

Hapo ndipo napenda tuende baharini, kwa sababu bahari imewaweka mamalia kwenye mtihani ambao nchi kavu haijawahi kuwapa. Mamalia anavuta hewa. Pomboo akitaka kuvuta pumzi lazima apande juu mwenyewe kwa kuamua, haiji yenyewe kama kwetu, kwa hiyo akizimika kabisa kwa namna tunayozimika sisi yuko matatani. Kama kweli usingizi ungekuwa ni kitu cha kuachika, basi pomboo ndiye angekuwa wa kwanza kuuacha, alikuwa na kila sababu na alikuwa na mamilioni ya miaka. Hakuuacha. Mwaka 1977 Lev Mukhametov na wenzake kule Umoja wa Kisovieti walionyesha kwa elektrodi kwamba pomboo analala nusu nusu: upande mmoja wa ubongo unatoa yale mawimbi mapana ya polepole ya usingizi mzito, upande wa pili uko macho, anaendelea kuogelea na kupanda kuvuta hewa, baadae wanabadilishana zamu. Jicho linalofumbwa kwa kawaida ni lile la mkabala na upande uliolala.

Fikiria gharama ya mageuko ya namna hiyo! Kupanga upya ubongo mzima ili nusu zake ziweze kuwa katika hali mbili tofauti kwa wakati mmoja, na homoni na kemikali zake zigawanyike. Uteuzi wa asili ulipitia njia hiyo ndefu, ile fupi ya kufuta usingizi haikupatikana. Na kuna jaribio la mwaka 1992 ambalo kwangu lina uzito kuliko orodha zote za masaa. Watafiti walikuwa wanamwamsha pomboo kila upande mmoja tu wa ubongo wake unapoanza kulala, upande wa pili wakauacha ulale. Walipomwachia, upande ulionyimwa ndio uliofidia, ule mwingine hapana. Yaani deni la usingizi liko ndani ya tishu za ubongo zenyewe, sehemu kwa sehemu. Nadharia ya kutulia tu haiwezi kueleza hilo, kwa sababu mwili uliotulia ni mmoja, hauna kushoto na kulia.

Sili wa manyoya anaonyesha jambo hili kwa karibu zaidi kwa sababu anaishi pande zote mbili. Akiwa nchi kavu analala ubongo mzima mara nyingi, na anapata ndoto zake kama kawaida. Akiingia baharini kwa miezi analala nusu, na mkao wake ukiutazama unaeleweka: analala kiubavu juu ya maji, pezi moja la mbele liko chini linapiga kasia taratibu kumshikilia asizame, mengine ameyatoa nje ya maji ameyakusanya pamoja yasipoteze joto, jicho la upande wa maji linafumbuka fumbuka kuangalia chini. Upande wa ubongo ulio macho ndio unaoendesha pezi lile linalopiga kasia. Kila kitu kimepangwa ili usingizi upatikane bila mnyama kufa.

Halafu sili-tembo, wale wakubwa wa pwani ya California, wao wamekuja na suluhisho jingine kabisa na hawagawanyi ubongo. Jessica Kendall-Bar na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 2023, waliwavalisha majike kofia yenye elektrodi wakarekodi umeme wa ubongo mpaka chini baharini, kisha wakatumia walichojifunza kusoma kumbukumbu za upigaji mbizi za sili 334. Mnyama anavuta pumzi, anapiga mbizi, akishapita kina ambacho papa na nyangumi wauaji wanapenda kuvizia anaacha kuogelea na kuserereka chini huku ameingia kwenye usingizi wa mawimbi ya polepole, bado ameshikilia mkao wake. Ukija usingizi wa ndoto misuli inalegea yote, anapinduka mgongo chini tumbo juu na anaanza kushuka akizunguka zunguka kama jani linaloanguka, mamia ya mita chini, wakati mwingine anatua kabisa kwenye sakafu ya bahari akiendelea kulala. Baada ya muda usiofika dakika 20 anaamka, anapanda juu kuvuta hewa. Vipande hivyo ukivijumlisha ni kama masaa 2 kwa siku, kwa safari ya miezi saba. Akirudi ufukweni analala masaa 10.8 kwa siku.

Sasa huyu sili-tembo tumweke wapi kwenye ile orodha? Mnyama yule yule, jeni zile zile, ubongo ule ule, anaweza kukaa pale chini kabisa na tembo kwenye masaa mawili na anaweza kukaa katikati pamoja na wengi tu, inategemea umemuuliza mwezi gani. Kwa hiyo mtu akiniambia aina fulani ya mnyama "inahitaji" masaa kadhaa, huwa nataka kujua amepimwa wapi, msimu gani na alikuwa anafanya nini. Neno kuhitaji limebeba mzigo ambao namba ile haiwezi kuubeba.

Nimetaja usingizi wa ndoto mara kadhaa, na hapa lazima nisimame kidogo kwa sababu naamini tunapoteza muda mwingi kwa kuuchukulia usingizi kama kitu kimoja. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago waliripoti mwaka 1953 kile kipindi ambacho macho yanachezacheza chini ya kope, ndio huu wanauita REM. Baadae Michel Jouvet kule Lyon akaonyesha kwa paka kwamba katika hali hiyo ubongo unachangamka kama uko macho ila misuli imefungwa, na paka walioharibiwa sehemu ndogo kwenye shina la ubongo waliinuka wakiwa wamelala wakaanza kunyatia na kushambulia vitu visivyokuwepo. Ni hali mbili tofauti kabisa zinazopokezana chini ya jina moja.

Na bahari inazitenganisha vizuri. Oleg Lyamin, Siegel na wenzao mwaka 2018 waliripoti kwamba wale sili wa manyoya wakikaa majini kwa siku 10 mpaka 14 usingizi wao wa REM unashuka kutoka kama dakika 80 kwa siku mpaka dakika chache mno, karibu na hakuna, na wakirudi nchi kavu hawafidii kwa maana ya kulala REM nyingi kupita kawaida. Panya ukimnyima REM anafidia kwa nguvu. Pomboo wao REM ya kueleweka haijaonekana. Ila usingizi wa mawimbi ya polepole hakuna aliyeufuta, ndio unaokatwa nusu, unaopelekwa mita mia tatu chini, unaogawanywa vipande vya dakika kumi, ila upo. Kwangu hiyo inatosha kusema kwamba ule mgumu kuondoka ni usingizi wa mawimbi ya polepole, REM ina masharti yake.

Masharti gani? Siegel mwaka 2022 alipendekeza ni joto. Mamalia wanaotaga mayai kama platipasi wa Australia wana joto la mwili la chini, kama nyuzi 32, na platipasi ana zaidi ya masaa 8 ya REM kwa siku, zaidi ya mamalia yeyote aliyepimwa. Binadamu na nyuzi zetu 37 tuna kama masaa mawili. Ndege wenye joto la nyuzi 41 hivi wana REM kidogo sana. Hoja yake ni kwamba usingizi mzito unapooza ubongo, REM inaupasha tena ili mnyama akiamka awe tayari, na anayelala nusu nusu kama sili majini hahitaji kupashwa kwa sababu upande mmoja uko macho muda wote. Ni wazo safi, linaeleza mengi kwa kitu kimoja, na kwa mnyama mzima naliona lina nguvu.

Kwa watoto nadhani halitoshi. Kichanga cha binadamu kinatumia karibu nusu ya usingizi wake kwenye REM, na mamalia wanaozaliwa wachanga kabisa, macho yamefumba, hawana manyoya, kama vitoto vya panya na paka, ndio wenye REM nyingi zaidi. Simbilisi anazaliwa ana manyoya, macho wazi, anakimbia siku hiyo hiyo, na REM yake ni ndogo tangu mwanzo. Ukikiangalia kitoto cha panya kilicholala utaona mguu unashtuka, kidole kinacheza, ndevu zinatikisika, kimoja kimoja, mamia na mamia ya mara. Mark Blumberg wa Chuo Kikuu cha Iowa ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mishtuko ile inapeleka taarifa kwenye ubongo, kila msuli unajitambulisha kwa wakati wake wakati pengine pote pamenyamaza, ubongo unajifunza huu ndio mguu wangu na huu ndio mkono. Hiyo ni kazi ya ujenzi, na inaeleweka kwa nini inapungua jengo likishasimama.

Haya, turudi kwenye huu mgumu kuondoka. Unafanya nini? Allan Rechtschaffen, ambaye alishawahi kusema kwamba kama usingizi hauna kazi ya lazima basi ndio kosa kubwa kuliko yote lililofanywa na mageuko, alionyesha na wenzake kule Chicago miaka ya 1980 kwamba panya anayenyimwa usingizi moja kwa moja anakufa ndani ya siku 11 mpaka 32. Anakula zaidi ila anakonda, ngozi inatoka vidonda, mwishoni joto la mwili linashuka. Wengine wanasema ni msongo wa ile mashine yenyewe iliyokuwa inawazungusha juu ya maji, na ni hoja ya haki, ila panya wenzao waliowekwa kwenye mashine hiyo hiyo wakaruhusiwa kulala mashine ikisimama hawakufikia hali ile.

Giulio Tononi na Chiara Cirelli wa Wisconsin wanasema kuwa macho kunaimarisha miunganiko ya seli za neva siku nzima, na hiyo haiwezi kuendelea milele kwa sababu inakula nishati na nafasi, kwa hiyo usiku inapunguzwa. Mwaka 2017 walionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba sehemu za mguso kwenye sinapsi, yaani miunganiko hiyo, za panya waliolala zilikuwa ndogo kwa kama asilimia 18 kuliko za waliokuwa macho. Hii naiamini zaidi, na inakaa vizuri na lile jaribio la pomboo, maana sinapsi za kushoto zikichoka haziwezi kupumzishwa kwa kulaza za kulia.

Halafu kuna hii ya kuosha ubongo. Maabara ya Maiken Nedergaard ilitoa mwaka 2013 matokeo kwamba nafasi kati ya seli za ubongo wa panya inapanuka kama asilimia 60 wakati wa kulala na taka zinatoka haraka. Ikasambaa kila kona, sasa hivi kila anayezungumzia usingizi anasema ubongo unajiosha kama jambo lililokwisha. Halijaisha! Mwaka 2024 Nick Franks na wenzake wa London walipima kwa njia nyingine wakakuta usafishaji kwa panya unapungua wakati wa usingizi na ganzi, na mabishano bado ni moto. Inanikera kuona jambo linalobishaniwa namna hii linauzwa kwa watu kama ukweli uliofungwa, tena mara nyingi na mtu anayetaka kuuza kitu.

Na hata yote mawili yakithibitika, hayawezi kuwa ndio chanzo. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba yavuyavu wa aina ya Cassiopea, kiumbe asiye na ubongo kabisa, ana neva tu zilizotandazwa mwilini, anapunguza mapigo ya mwili wake (kule kujikunja na kujikunjua) usiku, anachelewa kuitikia ukimsogeza, na ukimnyima utulivu wa usiku mchana wake anazubaa. Hiyo ni tabia ya usingizi kwa vigezo vyote vya kawaida. Kwa hiyo usingizi ulikuwepo kabla hakujawa na ubongo wa kuoshwa au kumbukumbu za kupangwa. Msimamo wangu ni kwamba kulikuwa na kazi moja ya zamani, ya matengenezo ndani ya seli za neva zilizofanya kazi muda mrefu, na kwa kuwa kile kipindi cha kufunga kilikuwepo tayari, kila kazi nyingine iliyofaa kufanywa wakati mlango umefungwa ikahamia humo: homoni za ukuaji, kupunguza sinapsi, kumbukumbu, kinga ya mwili, kwa watoto ujenzi. Kila aina ya mnyama imejaza chake. Ndio maana anayetafuta kazi moja ya usingizi kwa mamalia wote hataipata, na anayesema usingizi hauna kazi ya lazima naye anakosea.

Rendia, mnyama mkubwa mfano wa paa anayeishi kaskazini ya mbali, amenipa ushahidi ninaoupenda sana hapa. Utafiti wa Norway wa mwaka 2023 ulirekodi umeme wa ubongo wa majike kwenye misimu tofauti. Kule juu kiangazi jua halizami na baridi jua halichomozi, na wanyama hawa kiangazi wanakula na kuhangaika zaidi, ungetegemea masaa ya kulala yabadilike, lakini hayakubadilika. Kumbe wanapocheua, yaani wanaporudisha majani mdomoni na kutafuna taratibu, umeme wa ubongo wao unafanana na wa usingizi mwepesi, na kadiri wanavyocheua zaidi ndivyo wanavyohitaji kidogo ule usingizi wa mawimbi ya polepole baadae. Wanalipa sehemu ya deni huku wanakula. Saa ya ukutani itaandika kwamba mnyama alikuwa anakula, hakulala.

Na sisi je? Kwa nyani na sokwe tuko chini. Sokwe mtu analala masaa tisa na zaidi, tumbili wa usiku wa Amerika Kusini anafika 17, sisi kama 7, ila sehemu ya REM katika hizo 7 ni kubwa ukilinganisha na jamaa zetu hao, tumekandamiza usingizi wetu ukawa mfupi na wenye uzito. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Siegel na wenzao walipima Wahadza wa Tanzania, Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, watu wasiotegemea taa za umeme, wakakuta wastani wa masaa 5.7 mpaka 7.1, kwa hiyo ile hadithi kwamba wazee wetu wote walikuwa wanalala toka jua kuzama mpaka kuchomoza haina msingi. David Samson na wenzake wakafuatilia Wahadza 33 kwa siku 20 wakakuta jumla ya dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa wakati mmoja ni 18 tu. Wazee wanawahi kulala na kuamka, vijana wanachelewa, mwingine anageuka katikati ya usiku, na matokeo yake karibu kila dakika ya usiku kuna mtu macho. Kwa kundi linalolala sehemu yenye simba na fisi hiyo ni ulinzi bila kupangiana zamu. Pomboo anaweka nusu ya ubongo macho, binadamu anaweka mwenzake.

Kwa hiyo yule anayeleta tembo kwenye mjadala ili ahalalishe kulala masaa manne, tembo hamsaidii. Tembo hajajifunza kulala kidogo kwa kujibana, ana mwili uliojengwa kwa mamilioni ya miaka kwenye maisha yale. Hata kati yetu wapo wachache wanaolala kama masaa sita maisha yao yote na hawaonyeshi dalili za kuchoka, Ying-Hui Fu na wenzake mwaka 2009 waliwakuta mama na binti wenye badiliko kwenye jeni inayoitwa DEC2, wakaliweka badiliko hilo kwa panya na panya nao wakalala kidogo na kuhitaji kidogo kufidia. Badiliko la namna hiyo unazaliwa nalo. Asiye nalo akijilazimisha masaa manne, vipimo vya umakini vinaonyesha anazidi kushuka siku hadi siku hata pale ambapo yeye mwenyewe anasema ameshazoea.